Bwana Heri ametaga mayai kumi na moja, nifanyeje?

*Shikamoo daktari. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori, na miaka zaidi ya ishirini iliyopita alituletea kobe kutoka upande wa Voi. Ni wa manjano mwenye madoa meusi, sasa amefika ukubwa wa karai. Tunakaa naye hapa Kisauni, tunamwita Bwana Heri. Anakula tunachokula: ugali, wali, mkate wa chai. Gamba lake limefanya vilima vilima, na kwa nyuma lina tundu la mnyororo, ingawa siku hizi hatumfungi. Sasa tazama ajabu: mwezi uliopita alichimba chini ya mlimau akataga mayai kumi na moja! Dume hana, ila mwaka juzi jirani aliyekuwa akihama alituachia kobe wake kwa miezi mitatu. Kijana wangu ameyafukua matano akayatia kwenye boksi chini ya balbu, maana kuna mtu kamwambia vitoto vinauzwa kwa dola. Wifi yangu asema tusijitafutie balaa, twende tukamwachie bahari huyu kobe na mayai yake pale Nyali. Shoga yangu naye anataka mayai mawili, ati ni dawa ya pumu. Nifuate la nani? Mama Rukia, Kisauni.*

Marahaba, Mama Rukia. Umeniletea washauri watatu, na hakuna hata mmoja ambaye ningekwambia umfuate. Lakini kabla hujaendelea kusoma, mwite kijana azime ile balbu.

Yai la kobe si la kuku. Kuku huyageuza mayai yake kila siku na vifaranga hutoka wazima. La kobe likishatulia siku moja hivi, kiini hujishika kwenye ganda upande wa juu, na ukiligeuza baada ya hapo waweza kukiua. Tena boksi lenye balbu hupanda joto bila mtu kuhisi. Kiota kizuri huwa na nyuzi 28 hadi 31. Likifika 35, hapo hutotoi tena, unapika. Basi yale matano yakae kivulini vile vile yalivyolala, kila moja litiwe alama ya penseli upande wa juu, yafunikwe udongo wenye unyevu kidogo, yasiguswe. Yale sita yaliyobaki chini ya mlimau, mwachieni mlimau wenyewe. Wala msihofu kwamba mnachelewa. Mayai ya kobe wa aina hii hukaa ardhini miezi minane, mwaka, hata zaidi, na mtoto aliyekwisha kuanguliwa huweza kungoja humo humo mpaka mvua ilainishe udongo ndipo atoke. Hakuna mnyama asiyekuwa na haraka kama huyu, na nyinyi msiwe nayo.

Kwa rangi uliyoieleza, na kwa kuwa alitoka Voi, huyo ni kobe wa nyika, yule ambaye Wazungu humfananisha na chui kwa yale madoa. Ukimtoa kobe wa kandokando ya Sahara, hakuna mkubwa kumshinda katika bara hili. Na ubwana mlimpa bure. Dume tumbo lake limebonyea ndani, apate kumpanda jike bila kuteleza, na mkia wake ni mrefu na mnene. Jike tumbo ni bapa na mkia ni kijisehemu tu. Robo tatu ya "mabwana" ninaoletewa ni mabibi. Watu huona ukubwa wakadhani ni uanaume.

Kutaga bila dume nako si muujiza. Jike wa kobe huhifadhi mbegu mwilini mwake, na mbegu hizo huweza kuzaa baada ya mwaka, miwili au zaidi. Kwa hiyo yule mgeni wa miezi mitatu aweza kuwa ndiye baba, ingawa alishahama zamani. Au pengine mayai ni matupu, kwa maana jike hutaga hata asipokutana na dume, kama kuku wa mayai. Mwenye mkono mtulivu akilimulika yai kwa tochi gizani, bila kuligeuza, ataona mishipa myekundu kama limeshika mimba. Sitaki mfanye hivyo nyumbani. Nakwambia tu ili ujue kwamba huenda kelele zote hizi ni za mayai yasiyo na kitu.

Sasa neno ambalo hutalipenda. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimhesabu Bwana Heri kuwa mali ya ukoo wenu. Ni mnyamapori, na kukaa naye bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa, hata kama aliletwa na marehemu, hata kama watoto wote wa mtaa wamempanda mgongoni. Najua baba mkwe hakuwa jangili. Dereva wa siku zile akimkuta kobe katikati ya barabara ya Nairobi alimpakia kama alivyopakia makaa na asali: zawadi ya nyumbani. Lakini kobe wa kike huchukua miaka zaidi ya kumi porini hata aanze kutaga, na katika mayai yake ni machache sana yanayofikisha mtoto kwenye umri huo. Kumwondoa jike mmoja mzima si sawa na kuchuma embe moja. Ni kuukata mwembe.

Kwa hivyo nenda KWS mwenyewe, ofisi zao zipo hapa hapa Mombasa. Nenda wewe, kobe abaki nyumbani. Usimtie kwenye gunia ukapanda naye matatu, kwa sababu kusafirisha mnyamapori bila ruhusa ni kosa la pili juu ya lile la kwanza. Eleza ulivyonieleza mimi: nani alimleta, lini, kutoka wapi, na kwamba ametaga. Taja idadi ya mayai. Wao ndio wa kuamua kama atabaki kwako kwa kibali au atapelekwa kwenye kituo chenye leseni. Nimewasindikiza watu kadhaa katika safari hiyo, na nilichojifunza ni kwamba anayekwenda mwenyewe huzungumza akiwa amekaa kwenye kiti. Anayefuatwa nyumbani huzungumza amesimama.

Kuhusu dola, hapa nitakuwa mkali kidogo, na umsomee kijana kwa sauti. Hakuna soko halali la vitoto vya kobe vilivyototolewa kwenye boksi la Kisauni. Jamii nzima ya kobe wa nchi kavu imo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe kuvuka mipaka, na kobe hapati kuvuka mpaka wa Kenya bila karatasi. Anayetaka kuwafuga kibiashara huomba leseni kwanza, shamba likakaguliwa, asili ya wazazi ikajulikana. Marekani nako, tangu mwaka 2000, wamepiga marufuku kuingiza kobe wa aina ya Bwana Heri, kwa sababu huwa na kupe wanaoweza kubeba ugonjwa unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Sasa jiulize huyo mnunuzi wa dola atawapitisha wapi. Atawapitisha ndani ya soksi, wamefungwa gundi ya karatasi miguu isicheze, ndani ya sanduku la nguo. Hivyo ndivyo wanavyokamatwa kila mara kwenye viwanja vya ndege. Na akikamatwa, jina la kwanza atakalolitaja ni la aliyemuuzia.

Kijana atajibu, namjua ingawa sijamwona: "Lakini daktari, si tunawaongeza? Si huko ndiko kuhifadhi?" Hili swali naulizwa hata na watu waliosoma, na jibu ni hapana. Kuzalisha si kuhifadhi. Kobe wa nyika bado wapo wengi porini kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Hawangoji watoto wa Kisauni. Na hao watoto hawawezi kurudishwa porini, nitaeleza punde kwa nini. Kwa hiyo kinachoongezeka ni vinywa vya kulisha, si kobe wa dunia. Piga hesabu: kumi na moja, kila mmoja akipewa miaka hamsini ya kuishi. Madume yakikua hupigana, hugongana magamba kutwa nzima mpaka mmoja ampindue mwenzake chali, na aliyepinduliwa juani saa saba za mchana wa kaskazi hamalizi saa nyingi. Nani atakayewagawa? Nani atakayewarithi?

Anayekwisha kweli ni mwingine. Yuko kobe bapa kama chapati, mkaaji wa nyufa za majabali katika Kenya na Tanzania. Gamba lake ni laini, hana ngome ya kujificha, kwa hivyo akitishwa hukimbilia kwenye ufa, na hukimbia kweli, ukimwona utasahau hadithi zote za kobe na sungura. Hutaga yai moja tu kwa kawaida. Wawindaji wa biashara ya wanyama wa kufuga walimfuata kwa mitaimbo na jeki za magari, wakapasua majabali ili kumtoa. Wakiondoka na kobe mmoja wameacha nyumba imebomoka, na nyumba ya jiwe haijengwi upya. Mwaka 2019 CITES ilimpandisha kwenye orodha yake ya kwanza, ile ya ulinzi wa juu kabisa. Hata huyo, hata kwa hali hiyo, haokolewi kwa kutotolewa kwenye maboksi. Huokolewa jabali lake likiachwa.

Ukitaka mfano wa karibu, nenda Haller Park pale Bamburi. Kila mtu wa Mombasa anaikumbuka habari ya Mzee na kiboko Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa na kumfanya kobe mzee kuwa mama yake. Mzee si kobe wetu. Asili ya kabila lake ni kisiwa cha Aldabra, huko Ushelisheli. Katika karne ya 19 mabaharia walikuwa wamewamaliza majitu hao karibu visiwa vyote vya Bahari Hindi, kwa sababu kobe hukaa miezi ndani ya meli bila kufa, akawa nyama isiyooza. Mwaka 1874 wanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin akiwamo, walimwandikia barua gavana wa Mauritius wakimwomba awalinde wa Aldabra kabla hawajaisha. Leo wako kiasi cha 100,000 kwenye kisiwa hicho. Hawakuongezwa na mtu kwenye ua wake. Kisiwa kiliachwa, wakajiongeza wenyewe.

Wifi yako ana nia njema, na nia njema ya namna hiyo nimeiona ufukweni. Miaka kadhaa nyuma nilikuta vijana pale pwani ya kaskazini wakimsukuma kobe wa nyika ndani ya mawimbi, wanamshangilia, na kila wimbi likimrudisha wanamsukuma tena. Nilipomtoa alikuwa anapumua povu. Walishangaa: "Si kasa, daktari?" Si kasa. Kasa ana makasia, miguu yake ni bapa ya kuogelea. Kobe ana miguu ya nguzo kama ya tembo mdogo. Mtie kobe baharini atakufa maji. Wala usimpeleke Voi ukamwachia kichakani. Miaka ishirini ya kuishi na watu na kobe wa majirani humpa maradhi ya pua na mapafu ambayo yeye ameyazoea na wa porini hawayajui. Mgeni mmoja mwenye mafua huweza kulimaliza bonde zima.

Na kwa kuwa kasa ametajwa: maji ya Kenya yana aina tano, na tatu kati yao hutaga kwenye fukwe zetu, wakiwamo kasa wa kijani na ng'amba. Ukikuta kiota usikifukue. Ukikuta vitoto vinateremka usivibebe kwenye ndoo kuvirahisishia safari. Zima taa za ufukweni, simama mbali na mbwa wako, basi. Wavuvi wa Watamu wamekuwa wakipiga simu kasa anaponasa wavuni badala ya kumchinja, na wamefanya hivyo tangu miaka ya 1990.

Shoga yako mwambie aende kliniki akapewe dawa ya kuvuta. Najua wazee wetu walitumia mafuta ya kasa kwa kifua, sitawatukana. Lakini mayai ya kobe hayafungui kifua cha mtu, na watambaazi hawa hubeba vijidudu vya salmonela vinavyoendesha matumbo. Kuhusu kasa jambo ni zito zaidi: nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyotoka kwa kuchemsha. Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto.

Turudi kwa Bi Heri, maana yeye hasa ndiye mgonjwa katika barua yako, ingawa hukuniuliza.

Ugali, wali na mkate vikome leo. Si kesho. Tumbo la kobe ni pipa la kuchachusha nyasi. Wanga humo huoza na kujaza gesi. Mlishe majani: ukoka utakaoukata kando ya njia isiyopuliziwa dawa, matembele, maua na majani ya haibiskasi, mpungate uliotolewa miiba. Nyasi ziwe nyingi kuliko vyote. Sukuma wiki kidogo kidogo. Mchicha kwa nadra, kwani una asidi inayoshika madini ya chokaa yasiingie mifupani. Papai kipande siku ya Idi. Nyama, dagaa, chakula cha mbwa, kamwe, huua figo. Kama ua wenu umezungushiwa mnyaa au kuna oleanda, mzuie asifike, zote mbili zina madhara. Siku mbili za kwanza atakususia, atakaa mlangoni akisubiri mkate. Usimwonee huruma. Kobe mzima mwenye afya hafi kwa kususa juma moja.

Vile vilima vya mgongoni havitarudi chini. Hutokea utotoni, kwa chakula kibovu na zaidi kwa ukavu. Utafiti wa mwaka 2003 kwa kobe wa Sahara ulionyesha kuwa unyevu wa hewa ulikuwa na uzito mkubwa kuliko protini ya chakula. Hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha, lakini kobe anayeishi juu ya sakafu ya simiti na bila sinia la maji huishi jangwani hata akiwa Kisauni. Lile tundu la mnyororo ndilo linaloniudhi. Gamba si kofia aliyoivaa. Ni mbavu zake na uti wake wa mgongo vilivyoungana, mfupa hai wenye damu na mishipa ya fahamu. Aliyelitoboa alimtoboa yeye. Litazame: likiwa kavu na gumu liache, likiwa linanuka au linatoa maji mlete kwa daktari wa wanyama baada ya kupata ruhusa ya kumsafirisha. Na rangi ya kuta isimguse, hata ya kuandika jina.

Jambo la haraka ni hili: huenda akataga tena. Jike wa aina hii hutaga mara kadhaa kwa msimu mmoja, kila baada ya wiki tatu nne. Mpe udongo laini wenye kina cha sentimita 30 hivi, mahali penye jua. Mtafutie chokaa: ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaookotwa ufukweni, uloweke siku mbili tatu utoke chumvi, umwekee atafune apendavyo. Ukimwona anachimba hapa, anaacha, anachimba pale, siku nyingi bila kutaga, hali chakula, na miguu ya nyuma inalegea, mayai yamemkwama na hiyo ni safari ya daktari siku hiyo hiyo. Usiku mlaze mahali pasipofikiwa na mbwa wala siafu. Watoto wanawe mikono wakimshika, na sinia lake lisioshwe kwenye karo ya vyombo.

Mayai yenyewe, ukiniuliza ningependa nini, ningependa yasitotolewe. Wafugaji waangalifu wa huko nje huyatoa siku yanapotagwa na kuyagandisha kwenye friji kabla hakijaanza chochote. Yenu yana mwezi, na ni ya mnyamapori, kwa hiyo si yako wala yangu kuamua. Mwachie afisa. Akikwambia yaachwe, yaache. Yatakayofuata, kama atabaki kwako kwa kibali, muulize kabla hayajatoka.

Halafu nunua daftari. Andika mwaka alioletwa na baba mkwe, alikotolewa, yule kobe wa jirani, tarehe ya mayai, uzito wake kila mwezi kwenye mzani wa duka la mtaani. Jonathan, kobe wa kisiwa cha Mtakatifu Helena, anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1832. Wa kwako hafiki huko, lakini ana nafasi nzuri ya kukuzika wewe na mimi, na atakayempokea atataka kujua amepokea nini.

Jina mwaweza kumwachia. Yeye hufuata maua ya haibiskasi, ubwana hana habari nao.